Anacheza Namba Ngapi?

Juni 2023, siku Simba ilipotangaza kuachana na mchezaji wake Erasto Nyoni, nilikuwa ndani ya daladala nikitoka Kariakoo kurudi Tandika. Kijana mmoja aliyesimama mlangoni, jezi ya Yanga mwilini, aliisoma taarifa ile kwenye simu yake kwa sauti ili wote tusikie. Alipomaliza alitulia kidogo, kisha akasema, "Huyu kaka katufanyia kazi." Hakuna aliyembishia. Ndani ya daladala iliyojaa watu wa Simba na wa Yanga, wamebanana hivyo, kukosa ubishi si jambo la kawaida.

Kilichoniganda ni ile "tu" iliyo katikati ya neno. Katufanyia. Nyoni hajawahi kuichezea Yanga hata dakika moja. Mwaka 2017, baada ya sisi Yanga kubeba ubingwa misimu mitatu mfululizo, Simba waliingia Azam wakachukua watu wanne kwa mpigo: Aishi Manula, Shomari Kapombe, John Bocco na yeye Nyoni. Kilichofuata kila Mwanayanga anakijua. Ubingwa ulihamia Msimbazi, kwa Simba, misimu minne, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Kwa hiyo kijana yule, akiwa ndani ya jezi ya kijani na njano, hakuwa anazungumza kwa niaba ya Jangwani, kwetu Yanga. "Tu" ile ilikuwa ya Taifa Stars, timu ya taifa.

Nimeishi na neno lake tangu siku ile. Mimi pia ni Yanga, na nina deni kwa Nyoni ambalo sijawahi kulilipa. Nimeona niliandike.

Nianze kwa Mama. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kwetu Tandika kuanzia asubuhi hadi taa zinawashwa. Mpira haukumhusu. Lakini alikulia kwenye nyumba yenye kaka watano waliocheza mchangani, na kutoka kwao alibaki na swali moja. Kila nilipomtajia jina la mchezaji, aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye sindano: "Anacheza namba ngapi?"

Kwetu mchezaji huulizwa namba kabla hajaulizwa kwao ni wapi. Mbili ni beki wa kulia, tatu ni beki wa kushoto, nne na tano ndio mabeki wa kati, sita ni kiungo mkabaji anayewafunika kwa mbele. Saba na kumi na moja ni mawinga, tisa ndiye mwenye mabao. Mtoto wa chandimu huijua hesabu hii kabla hajajua kuzidisha. Ukimwambia mtu "yule namba sita", huna haja ya kuongeza neno. Ameshamwona, ameshajua anasimama wapi na analaumiwa kwa lipi.

Siku moja nilikuwa namsimulia Mama mechi ya Stars, nikamtaja Nyoni. Akauliza swali lake. Nikamjibu: mbili. Zikapita wiki kadhaa, nikamtaja tena, akauliza tena, nikajibu: tatu. Hapo akasimamisha cherehani.

"Si uliniambia mbili?"

"Safari hii wamemhamisha, Mama. Namba tatu ameumia."

"Na akiumia namba tano?"

"Watamweka tano."

"Basi huyo ni kiraka," akasema, akaendelea kukanyaga.

Waandishi wetu wa michezo wamelitumia neno hilo miaka mingi, mchezaji kiraka, lakini Mama hakuwa msomaji wa magazeti ya michezo. Alilitoa pale pale alipokaa, kwenye kazi yake. Na kwake kiraka halikuwa neno la kumshusha mtu. Hilo nilikuja kulielewa baadaye sana, kwa sababu mtaani kwetu kuambiwa "kiraka" shuleni ilikuwa kama kuambiwa kwenu mna njaa.

Sijui kama watoto wa leo wanajua kiraka kinavyotengenezwa. Kaptula yangu ya kaki ikitoboka nyuma, Mama hakuchukua kitambaa kipya, hata kama alikuwa nacho. Kitambaa kipya kina rangi kali na kina nguvu kuliko nguo yenyewe. Ukikishona juu ya nguo iliyochoka, kikifuliwa kinajikunja na kuivuta nguo, tundu linarudi kubwa kuliko la kwanza. Mama alikuwa anafumua pindo, au anakata kipande kutoka ndani ya mfuko wa kaptula ile ile, mahali ambapo jua halifiki na hakuna anayeona. Kisha anakilaza akitazama uzi wa kitambaa unaelekea wapi, maana kiraka kilicholala kinyume na uzi wa nguo hakidumu. Anakunja kingo zote nne kwa ndani. Anashona mzunguko wa kwanza, anarudia wa pili. Ule mfuko uliotolewa kipande anauzibia kwa chochote, kwa sababu huko ndani hakuna anayechungulia. Wateja waliomletea gauni la harusi aliwapa fundi msaidizi siku akiwa amechoka. Viraka alishona mwenyewe.

Sasa nimrudie Nyoni, na nirudi Jumamosi ya Juni 16, 2007.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Marcio Maximo, kocha wa Kibrazili aliyeifanya nchi nzima ifunge bendera kwenye magari na baiskeli. Tulikuwa kundi moja na Senegal, Burkina Faso na Msumbiji, tukitafuta kwenda fainali za Mataifa ya Afrika za 2008. Machi tulikuwa tumepigwa 4-0 Dakar. Juni 2 tukawabana Senegal hao hao 1-1 pale CCM Kirumba, Mwanza. Wiki mbili baadaye Stars ikasafiri hadi Ouagadougou, na wengi wetu tuliamini imekwenda kutimiza ratiba.

Matokeo niliyapata redioni, kwenye kibanda cha fundi redio jirani yetu, ambaye kila jioni alikusanya watu kama wa msibani. Burkina Faso 0, Tanzania 1. Mfungaji Erasto Nyoni. Nakumbuka watu waliulizana ni nani, maana alikuwa kijana aliyezaliwa Mei 1988, miaka 19 tu, na jina lake halikuwa kwenye nyimbo zetu. Mtu mmoja akasema ni beki. Mwingine akasema si beki, ni kiungo. Walibishana hadi kibanda kikafungwa. Leo najua wote wawili walikuwa sahihi, na ubishi ule ungeendelea miaka 15 bila mshindi.

Bao lile lilituweka hai. Septemba 8 tukaingia Uwanja wa Taifa mpya, wenye harufu ya rangi bado, tukihitaji kuwafunga Msumbiji. Nilikuwepo. Tulifungwa 1-0. Nimetoka kwenye uwanja ule mara nyingi nikiwa na huzuni, lakini sijawahi tena kusikia watu elfu nyingi namna ile wakiteremka ngazi bila kuongea, viatu tu vikikwaruza saruji.

Timu yoyote ikishindwa namna hiyo, watu hubadilika. Makocha wanaondoka, kizazi kinasambaratika, wachezaji wanaanza kuchagua safari za kwenda na za kukwepa. Baada ya Maximo akaja Jan Poulsen, kisha Kim Poulsen, Mart Nooij, Charles Boniface Mkwasa, Salum Mayanga, Emmanuel Amunike, Etienne Ndayiragije. Mdenmarki, Mholanzi, Mtanzania, Mnigeria, Mrundi. Kila mmoja alikuja na mfumo wake na imani yake kuhusu nani anafaa. Na karibu kila mmoja, ndani ya miezi michache, aligundua ana tundu mahali fulani, na akaita jina lile lile. Nyoni aliichezea Stars zaidi ya mara 100. Katika nchi ambayo mchezaji wa taifa huitwa shujaa Jumamosi na Jumatatu akawa mzigo, mara 100 ni umri wa mtu mzima.

Naomba niwe na subira kidogo hapa, kwa sababu nadhani hatujawahi kuielewa kazi yake, tumekuwa tunaishukuru kwa juu juu.

Namba mbili ana mstari wa pembeni kuliani kwake kama ukuta. Hatari yote inatoka upande mmoja, na mwili wake unazoea kusimama umegeukia ndani. Ukimhamishia tatu, ukuta unahamia kushoto. Kila kitu kinageuka: mguu wa kutangulia, bega la kumzuia winga, mahali pa kutupia jicho kabla mpira haujafika. Mtu wa mguu wa kulia akicheza tatu analazimika kuupokea mpira kwa mguu ulio karibu na adui, na winga mjanja anangoja kosa hilo tu. Ukimweka nne au tano, kuta zote mbili zimetoweka. Sasa mchezo mzima uko mbele ya macho yake, ila nyuma yake kuna golikipa peke yake. Akikosea hakuna wa kumfutia. Ukimsogeza hadi sita, hata hiyo raha ya kuona kila kitu mbele inaondoka. Adui yuko kulia, kushoto, mbele na mgongoni, na lazima ageuze shingo kama mtu anayevuka barabara ya Mandela saa kumi na mbili jioni.

Mchezaji wa kawaida hutumia miaka kumi kuijua namba yake moja tu. Wapo waliotangazwa kuwa wamekwisha kwa sababu tu kocha amewahamisha hatua kumi kutoka walipozoea. Nyoni alihamishwa maisha yake yote. Azam, ambako alikuwamo timu ilipobeba ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja, alihamishwa. Simba alikuwa pamoja na Kapombe, namba mbili wa kweli, basi akaenda katikati akasimama na Pascal Wawa kana kwamba amezaliwa hapo. Sikuwahi kumsikia akilalamika hadharani kwamba wanamharibia. Mtu mwenye kipaji akikubali kuwa na namba nyingi anakubali pia kwamba hatahesabiwa bora katika hata moja, kwa sababu tuzo na vikosi vya mwaka hupangwa kwa namba. Hilo ndilo alilolipia. Hivyo vipande vya mfukoni.

Mtaani kwangu nimeona mgongoni mwa watoto jina la Samatta, la Msuva, la Chama, la Mayele. Sijawahi kuona NYONI. Sisemi hivyo kuwalaumu watoto, hata mimi sikununua.

Ila penalti walimpa yeye. Hili limenifikirisha sana. Timu ina washambuliaji, watu wanaolipwa kwa ajili ya mabao, lakini nchi ilipofika mahali pa kutetemeka mara kadhaa aliyeitwa kwenye nukta ni yeye. Juni 10, 2012, tukitafuta kwenda Kombe la Dunia la Brazil, Gambia walitutangulia kwa bao nyumbani kwetu. Kapombe akasawazisha. Zikabaki dakika tano, tukapata penalti, na Nyoni akaifunga. 2-1. Brazil hatukwenda, kama mnavyojua. Lakini usiku ule kuna watu walilala na jezi zao, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kupiga penalti na kuziba mapengo naona ni tabia moja. Mpira uko mita 11 kutoka golini, golikipa anakuangalia, na hakuna mtu wa kumpasia lawama. Anayeweza kusimama hapo ni yule aliyekwisha kuzoea kufanya kazi bila kusubiri apigiwe makofi, maana makofi yasipokuwa chakula chake, hata zomea haimshibishi.

Na zomea nilimpa. Hapa ndipo lilipo deni.

Kwenye mechi za watani, Simba na Yanga, nilikaa upande wetu, na kipaza sauti kilipoanza kutaja kikosi cha Simba tulizomea kila jina kwa zamu. Ndiyo desturi, na wao walitufanyia sisi vilevile. Lakini nakumbuka siku moja, jina lake lilipotajwa, mzee mmoja wa Yanga aliyekaa mbele yangu, kofia ya njano kichwani, alifunga mdomo. Alingoja jina lipite, akaendelea na lililofuata. Nikamgusa bega: "Mzee wangu, huyu vipi, umemsamehe?" Akageuka akanitazama kwa upole, akasema, "Huyu Jumapili ijayo ni wetu." Ilikuwa wiki ya kuelekea mechi ya Stars. Nilikaa kimya, nikaona haya. Na mechi iliyofuata ya watani, nasema kweli, nilizomea tena.

Mchango wa mtu wa aina hii hupimwa vibaya mno kwa macho. Unaonekana vizuri asipokuwepo. Januari 2019 aliumia kwenye Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar. Simba walikuwa ndio wanaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Wakaenda Kinshasa, AS Vita ikawafunga 5-0. Wakaenda Misri, Al Ahly nayo ikawafunga 5-0. Sitasema kwamba mtu mmoja angezuia mabao kumi. Mpira hauko hivyo, na Al Ahly imewafunga wengi wenye mabeki wazima. Lakini nenda kwenye vijiwe vya kahawa vya wakati ule. Wazee wa Simba waliokuwa hawajalitaja jina lake msimu mzima walianza kuulizana, kaka Nyoni anarudi lini? Kaptula ilikuwa imetoboka, na kila mtu akawa ghafla anakumbuka kwamba hapo palikuwa na kitu.

Alirudi. Na akarudi kwa wakati wa Machi 24.

Kama hukuwepo Dar es Salaam Jumapili ile, nitajaribu. Tulihitaji kuwafunga Uganda, ambao walikuwa wamekwisha kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika za 2019 kule Misri, na wakati huo huo tulihitaji Lesotho wasishinde ugenini Cape Verde. Lesotho! Tulikuwa tumetoka nao sare nyumbani, na Novemba wakatufunga 1-0 Maseru. Tukienda, ingekuwa mara ya kwanza tangu Lagos 1980, miaka 39. Mimi sikuwa nimezaliwa 1980. Wengi uwanjani hawakuwa wamezaliwa. Tulikuwa tunalilia kitu tulichosimuliwa tu.

Nilitembea kutoka Tandika kwa miguu, maana barabara zote za kuelekea Uwanja wa Taifa zilikuwa zimejaa watu. Kuanzia mapema sehemu za mzunguko zilikuwa hazina pa kukanyaga. Nilikaa karibu na mzee ambaye alikuwa kidato cha tatu wakati wa Lagos. Alinieleza hilo kabla hata hatujasalimiana vizuri. Simon Msuva akafunga kipindi cha kwanza. Mzee alikaa. Hakuruka. Akasema, "Bado." Mimi mkononi nilikuwa na simu, nafuatilia Praia, kule Cape Verde, na kila nilipotazama ilikuwa 0-0, na kila nilipoona 0-0 nilihisi simu itabadilika mkononi mwangu kwa ajili ya kutuadhibu.

Kipindi cha pili kilikuwa hakijapata joto tukapata penalti. Nikainua macho kutoka kwenye simu, nikamwona Nyoni anakwenda kwenye nukta.

Sikuitazama. Nilimtazama mzee. Kelele zilikuwa zimekatika uwanja mzima, kukabaki kile kimya ambacho nilikijua, kimya cha Msumbiji 2007. Na ndipo nilipokumbuka kwamba mtu anayesimama kwenye mpira ndiye aliyefunga Ouagadougou. Redio ya fundi, ubishi wa beki au kiungo, ngazi za saruji, yote yalinirudia kwa mpigo. Miaka 12. Kwa miaka ile mimi nilikuwa nimemaliza shule, nimeoa, nimezika, nimehama kazi mara tatu. Yeye alikuwa bado yupo kwenye kazi ile ile aliyoianza akiwa na miaka 19, hajamaliza.

Uso wa mzee ulinijulisha. Macho yalifumba, kisha yakafunguka yakiwa na maji, na mkono wake ukanishika hapa, juu ya kiwiko, kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa umri wake. "Sasa," akasema. "Sasa ndiyo." Dakika chache baadaye Aggrey Morris akafunga la tatu. Praia ikamalizika 0-0. Tukaenda Misri.

Misri yenyewe haikutuendea vizuri. Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0, tukarudi nyumbani bila pointi. Mitandaoni watu waliandika maneno makali sana, na walioandika makali zaidi wengi ni vijana ambao kwao kufuzu kulionekana ni kitu cha kawaida. Sikujibizana nao. Siku hizi Stars inakwenda fainali hizo na tunapanga bajeti ya kuangalia. Imezoeleka, na mimi nafurahi kwamba imezoeleka, ila najua mlango ulifunguliwa na nani na nani. Msuva anajulikana. Samatta anajulikana. Morris, kwa bao lile, hakusahaulika.

Baada ya Simba kumuaga, Nyoni hakutundika viatu. Alikwenda Namungo, Ruangwa, mkoani Lindi, akaendelea na kazi. Jonas Mkude, aliyeagwa naye kipindi kile kile, alivuka akaja kwetu Yanga, na tukampigia makofi kwa sababu amevaa kijani. Hapo ndipo nilipoona jinsi makofi yetu yalivyo ya bei rahisi. Nyoni alivaa bluu ya Stars, rangi ambayo ni yangu pia, zaidi ya mara 100, na mimi nilisubiri avae kijani.

Asante, kaka Erasto. Nimechelewa. Asante kwa Ouagadougou, kwa Gambia, kwa Machi 24. Asante zaidi kwa zile mechi ambazo hakuna anayezikumbuka, za kirafiki za katikati ya wiki, za viwanja vya ugenini vyenye nyasi ndefu, ambazo mtu wa namba fulani alikuwa ameumia, mwingine amekosa hati ya kusafiria, mwingine amejisikia vibaya ghafla, na kocha akageuka kwenye benchi akijua hatakosa mtu.

Usiku ule wa Machi 24 nilifika nyumbani saa tano na kitu. Njia yote kutoka Chang'ombe ilikuwa ngoma na honi, sauti imenikauka. Mama alikuwa hajalala. Umeme ulikuwepo, na alikuwa barazani na nguo ya mtu magotini, ingawa macho yake kwa wakati huo yalikuwa yameanza kumsumbua na daktari alishamwambia apunguze kazi za usiku.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Nimesikia makelele. Tumeshinda?"

"Tatu bila. Tunakwenda Misri."

"Nani wamefunga?"

"Msuva. Nyoni. Morris."

Akaivuta nguo karibu na taa, akaishika kwa vidole viwili akitafuta uzi unaelekea wapi.

"Nyoni yule kiraka?"

"Huyo huyo, Mama."

"Leo kacheza namba ngapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa nimekaa uwanjani dakika 90, nimelipia tiketi, nina macho mawili mazima. Nilikumbuka penalti, nilikumbuka uso wa mzee, nilikumbuka 0-0 ya Praia kwenye kioo cha simu. Mama aliacha kushona, akaniangalia, akingoja.